Mguu Wako wa Kushoto

Mwanangu Yasinta,

Salamu utazipata kwa mama yako, anazo za kutosha. Mimi leo zimeniishia.

Umekwenda Ujiji kumuaga shangazi yako, nami nimepata nafasi ya kukaa mezani bila mtu wa kuniuliza naandika nini. Mama yako alitaka amwite jirani aje aniandikie, nimekataa. Kusoma nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, darasa zima la makuli wa bandarini, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuandika jina langu bila kuangalia ubaoni. Muulize yeyote wa wakati ule aliye hai. Kwa hiyo ukikuta herufi zimelala, zisome hivyo hivyo zilivyolala.

Sitakuambia ufunge begi vizuri, wala usinunue mihogo ya dirishani kila stesheni. Hayo mama yako anayasema tangu Jumapili mpaka kichwa kinaniuma. Mimi nina neno moja, nalo ni mguu.

Kesho treni inakuchukua wewe na Mwalimu Gwandu na wale wenzako wawili mpaka Dodoma, halafu basi mpaka Arusha, ukakimbie mbio ambazo hata marathoni wanaiona fupi. Nilimuuliza Mwalimu, kwani marathoni yenyewe haitoshi kuua mtu? Akasema hizi ni mbio za watu wenye subira. Subira! Mtu mwenye subira hukaa nyumbani kwao. Lakini Mwalimu huyo, pamoja na Umbulu wake na miguu yake ya korongo, ana adabu moja ambayo siwezi kumnyima: amesema hampandishi treni binti wa watu mpaka baba yake aende kwake, aseme kwa kinywa chake kwamba mtoto ni mzima na ameruhusiwa. Basi wiki nzima umenibembeleza niende nikaseme. Baba, sema tu mimi ni mzima. Jana umesema tena, pale mlangoni, huku umesimama kwa mguu mmoja kama kuku aliyenyeshewa.

Unadhani mimi ni kipofu?

Kila asubuhi unashuka ziwani kabla wenye dagaa hawajaanika, unaingia maji ya magoti, unasimama. Nikiuliza, unasema unanawa. Nani ananawa kwa kusimama kama nguzo ya gati? Mteremko wetu huu wa Bangwe ulikuwa unaushuka kama mbuzi, siku hizi unaushuka kiubavu kama kaa. Mama yako anakukanda kifundo kwa mawese ya moto, umemwambia ni mbu. Mbu gani huyo, anauma kifundo cha kushoto peke yake, mwezi mzima, cha kulia hakitaki? Mama yako ameamini kwa sababu anataka kuamini. Mimi nimebeba magunia ujana wangu wote, nimeona wanaume wakimficha msimamizi mguu ili wasikose kazi. Najua mguu unaofichwa unavyotembea. Unatembea kwa adabu kupita kiasi.

Sasa ngoja nizunguke kidogo, maana wewe hukubali kitu mpaka kizungushwe.

Ulipoanza habari hizi za kukimbia sikukuzuia. Nilisema ni upepo, utapita. Nilijua ni damu yangu, kwa sababu mimi katika umri wako nilikuwa naondoka hapa asubuhi nafika Kidahwe bado umande haujakauka, na mzigo kichwani, na ninaimba. Lakini mimi nilikuwa na mzigo. Mtu akiniona alijua Ntabaye anapeleka kitu kwa mtu. Wewe ulikuwa unakimbia mikono mitupu, unakwenda huko unageuka, unarudi ulikotoka. Nikakwambia, Yasinta, miaka hii barabara ya Kasulu si barabara ya kuchezea. Ukasema, baba, Mwalimu ndiye aliyeipima.

Mwalimu ameipima kwa saa yake. Hakuwapima watu wanaoishi pembeni mwake.

Unakumbuka asubuhi ile, ingawa unapenda tuisahau. Wakimbizi walikuwa wanaingia kila siku, wengine walikuwa hawajapelekwa kambini, wamejishikiza kwenye mashamba ya watu pale Kidahwe, wamejenga vibanda vya nyasi. Watu wale walikuwa wanalala na nguo zao, sikio moja wazi. Nawe ukatokea upande wa Kasulu, upande ule ule waliotokea wao, unakuja mbio, macho mbele, mdomo wazi, humsalimii mtu, kwa sababu Mwalimu alikufundisha uhesabu pumzi usitazame kulia wala kushoto. Mama Daforosa, mmoja wao, alikuwa ndiyo kwanza ameinjika maharage. Alikuona. Hakuuliza. Alimfunga mtoto mgongoni, akapiga ukelele mmoja kwa jirani, wakaingia barabarani nyuma yako.

Mtu mwenye akili angegeuka. Wewe ulisikia vishindo ukadhani wenzako wa timu wanakufukuzia, ukaongeza mwendo. Ulipoongeza, nao wakaongeza, maana waliona kumbe jambo limekaribia. Waliokuwa mbele wakaona binti anakuja na nyuma yake umati na magodoro na kuku, wakajiunga, na hao walikuwa Waha wenzetu, watu wa hapa hapa, hawajawahi kukimbia chochote isipokuwa kodi. Hata mgambo wa kwenye kizuizi, badala ya kuwasimamisha, aliinua mti akapita nao. Mpaka dereva wa lori la mahindi, aliyekuwa anatoka huko huko Kasulu, alipowafikia akapunguza mwendo akauliza wanakimbia nini. Hakuna aliyejua. Wakanyoosha vidole kwako.

Mwenyekiti wa kijiji alinitumia mtu. Nilipofika alikuwa amekaa kwenye kigoda, jasho linamtoka, naye pia alikuwa amekimbia ila hataki kusema. Akaniambia, "Mzee Ntabaye, binti yako amehamisha kijiji." Nikamjibu kwamba kwetu si jambo geni, mimi enzi zangu nilikuwa nahamisha kijiji kwa sauti tu. Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa cha lazima, kwa sababu wakati tunacheka kibanda cha Mama Daforosa kilikuwa kimekwisha kuwa majivu. Yale maharage. Aliyaacha na moto wake, moto ukapanda kwenye nyasi. Mungu ni mkubwa, ndani hakukuwa na mtu.

Tulikijenga upya mimi na wewe. Nilikata nyasi, ulibeba miti, na sema usiseme, paa nililoezeka mimi halijavuja hata tone. Mama Daforosa alikuwa anakuangalia unavyohangaika, hakukutukana. Nilitamani akutukane kidogo. Alisema jambo moja tu, kwa kile Kiswahili chake chenye Kirundi ndani: "Mwanangu, anayekimbia vita hasalimii. Ukipita hapa utusalimie, tujue ni mchezo."

Ndiyo nikaweka sheria, na sheria ile siijutii. Kimbia, lakini penye mtu mzima salimia. Nilidhani utapunga mkono. Lakini wewe, kwa ukaidi sijui umeurithi kwa nani, ukaifanya kama ilivyo: unasimama, unachuchumaa, unapiga makofi, unasema mwakeye, unangoja uitikiwe, unaulizwa habari za nyumbani, unajibu, ndiyo unanyanyuka. Kwetu Buha ndivyo binti anavyomsalimia mkubwa wake, sina neno. Lakini si siku ya mchujo! Siku ya kuchagua watakaokwenda Arusha, mji mzima unatazama, wewe uko mbele, mbele kabisa, unapandisha barabara ya Mwanga, ukamkuta yule mzee muuza tumbaku kando ya barabara, ukachuchumaa. Mzee mwenyewe alitahayari. Alikuwa anakuambia nenda, mwanangu, nenda, na wewe unapiga makofi. Wawili wakakupita hapo hapo. Mwalimu Gwandu alivua kofia akaitupa chini, na ni kofia yake nzuri.

Jioni alikuja hapa kunigombeza nyumbani kwangu. Akasema, Mzee, mwambie siku ya mashindano asisalimie watu. Nikasema, basi wewe waambie wazee wa Arusha wasizaliwe. Tulizozana mpaka mama yako akaleta chai, akasema mtoto aweke mkono kifuani aseme shikamoo huku anakwenda, Mungu ataelewa. Tukakubaliana. Lakini ukweli asiousema Mwalimu ni huu: ulichuchumaa na kunyanyuka barabara nzima na bado ukashika nafasi ya tatu ukachukuliwa. Magoti yale nani aliyakomaza? Si saa yake. Ni sheria yangu.

Haya. Sasa nifike kwenye lile jambo ambalo mama yako hulisimulia vibaya.

Siku uliyozaliwa, mama yako alikuwa kwao, kule vilimani juu ya Kidahwe. Mvua zilikuwa zimekata barabara, hakuna gari. Uchungu ulimshika na ukagoma kwenda mbele, wakunga wakasema huyu apelekwe hospitali. Unajua desturi ya ingobyi, ile machela yetu ya miti. Mgonjwa akilazwa humo, kila nyumba hutoa mwanamume. Wanaobeba hubeba, wengine hufuata nyuma mikono mitupu, na bega likichoka mtu huita, mwingine anaingia chini ya mti bila machela kusimama. Asiyetoka kubeba, siku yake ikifika nani atambeba? Walitoka wote, hata mlevi wao.

Mimi nilishika mti wa mbele. Ni mke wangu, nani mwingine ashike? Na nilikuwa nimewaambia wakwe zangu siku ya mahari kwamba binti yao nikitaka nitambeba peke yangu mpaka Kigoma. Nilisema mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Kitu ambacho sikuwaambia ni kwamba wiki ile nilikuwa nimeteguka goti gatini, chini ya gunia la saruji. Lilikuwa limevimba kama papai. Nilivaa suruali ndefu.

Basi tukaenda. Kilima cha kwanza nikapanda, cha pili nikapanda. Nyuma wanaita, Ntabaye, pokea zamu. Nikasema bado. Wakaita tena. Shemeji yangu Kagoma, kaka wa mama yako, alikuwa anatembea ubavuni mwangu kabisa, bega lake liko tupu, ananiambia kwa upole kama mtu anayembembeleza ng'ombe, shemeji, niachie kidogo, utashika tena mbele. Nikamwambia, nenda ukampokee mwenye kuchoka.

Tuliposhuka kuingia kijito goti likaniacha.

Mama yako husema nilianguka. Sikuanguka. Nilipiga goti. Kuna tofauti, na nimemweleza tofauti hiyo miaka yote hii. Lakini mti wa mbele ulifika chini, na yeye alikuwa ndani, na mkono wake ulikuwa nje umeshika mti. Mkono ule hadi leo hauwezi kuinua ndoo. Umeona kila siku mimi ndiye ninayemtwika, na wanawake wa Bangwe wanasema Ntabaye anampenda mkewe. Nawaacha waseme. Nampenda, lakini si sababu yake.

Ulizaliwa pale pale kando ya kijito, katikati ya ghasia, kabla hatujamaliza kulaumiana. Labda ni mtikisiko uliokutoa, mimi nilikuwa najitetea hivyo, kwamba bila mimi usingetoka. Mama yako alikulaza kifuani, mkono mmoja umening'inia, akawatazama wale wanaume waliosimama kwenye matope, kisha akanitazama mimi. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Ntabaye, watu wote hawa wana mabega."

Nimejibu kila mtu duniani, nimewajibu wasimamizi, mapadri, mwenyekiti, Mwalimu wako. Hilo sijalijibu.

Nakuandikia hivi si kwa sababu napenda. Ninakasirika hata kuandika. Nakuandikia kwa sababu nilipokuona pale mlangoni, mguu mmoja juu, unatabasamu, unasema sema tu mimi ni mzima, niliona suruali yangu ndefu. Na mimi nilikuwa natabasamu vile vile kilima cha kwanza.

Na hizo mbio zako hazina zamu, ndicho kinachonichosha. Nimeuliza. Hakuna wa kukupokea njiani, mtu anakwenda na miguu yake mpaka mwisho au mpaka ikatae. Ulipotamka kwamba mtakaa kambini kwanza, mama yako alishika kichwa, kwake kambi ni hema na foleni ya mahindi. Ikabidi nimweleze kwamba kuna watu wanaoingia kambini kwa hiari yao ili wachoke zaidi. Akaniuliza kama wana wazazi.

Jumamosi nilimkuta Mama Daforosa sokoni, amekuja na mafungu yake ya maharage. Nikafurahi, nikasema huyu ndiye shahidi wangu. Nikamwomba aje akwambie kwamba kukimbia si mchezo, wewe utamsikia kuliko mimi. Yule mama akaniangalia, akacheka mpaka akaweka kikapu chini. Akaniambia, "Mzee, mimi nilipotoka kwangu hapakuwa na mtu wa kunizuia njiani. Ningempata hata mmoja wa kunigombeza, ningemshukuru. Gomba tu, lakini usimfungie mlango." Kisha akaniuliza kama nanunua maharage au nazuia biashara. Nikanunua. Nilirudi nimeudhika njia nzima, na maharage yenyewe hayaivi.

Basi leo nimekwenda kwa Mwalimu.

Nimepanda ile njia ya kwake huku nalifanyia mazoezi lile neno ulilonituma. Mtoto ni mzima. Ni neno fupi, halina hata herufi ngumu. Nimemkuta nje anasugua viatu vyake vya kukimbilia kwa mswaki, kama mtu anayepiga mswaki farasi. Akaniamkia vizuri, shikamoo Mzee, akanipa kiti, akangoja. Najua alikuwa ananingoja wiki nzima. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kifundo. Nikamwambia kushoto. Nikamwambia habari ya ziwa, ya mteremko, ya mawese, ya mbu. Nikamwambia tangu lini. Nikamwambia yote, Yasinta, sikubakiza hata kipande.

Mwalimu akaweka kiatu chini. Akanitazama kwa huzuni kama nimemvunjia chungu. Halafu akasema, "Kwa hiyo, Mzee, humruhusu."

Nikamwambia, "Yeye nimemruhusu. Mguu ndio sijauruhusu."

Hapo tukaanza kuzozana upya, lakini safari hii kwa sauti ya chini, maana mkewe na mtoto walikuwa wamelala ndani. Mwisho wake ni huu. Utasafiri. Mbio zenyewe hazijafika bado, na huko kambini yupo mtu anayejua miguu ya wakimbiaji, atakishika hicho kifundo kwa mikono yake, si kwa maneno yako. Akisema pumzika, utapumzika, hata kama wenzako wanakupita kila asubuhi wakipiga miluzi. Akisema kimbia, utakimbia. Akisema huyu asikimbie mwaka huu, utasimama njiani kuwapa wenzako maji, halafu utabaki huko huko ukifanya mazoezi mpaka za mwaka ujao. Mwalimu amekubali kukuweka kwa dada yake. Nimemuuliza mara mbili kama amekubali kweli, maana mimi simwamini mtu anayetupa kofia.

Alitaka akwambie yeye, kesho stesheni. Nimekataa. Nimesema aliyesema ni mimi, basi na wa kukasirikiwa niwe mimi. Kwa mdomo ungenikatiza kabla sijafika katikati, ndiyo maana nimeandika.

Najua utasema baba ameniuza. Sema. Najua hutaniaga vizuri, utampa mama yako mikono yote miwili na mimi utanipa begi nilipitishe dirishani. Nitalipitisha. Kasirika mpaka Tabora, kasirika mpaka Dodoma ukitaka, hasira ni chakula kizuri cha safari, haiharibiki. Lakini panda. Usithubutu kubaki hapa kwa kununa, ukanikalia mbele ya macho yangu na huo mguu mpaka nife. Na siku utakayokimbia, wiki hizi au mwaka ujao, nikisikia umeshinda nitawaambia bandari nzima umechukua kwangu. Nikisikia umekaa chini katikati ya barabara kwa sababu mguu ulikataa, ukanyoosha mkono ukasema nimechoka, hilo nalo nitawaambia. Hilo nitaeleza taratibu zaidi, maana hapo hutakuwa umechukua kwangu.

Mama yako ananiita, anasema sauti yako inasikika inapandisha njiani. Unapandisha polepole.

Karatasi hii naisukuma ndani ya kiatu chako cha kushoto, mpaka kwenye vidole. Hutaweza kukivaa kabla hujanisoma.

Baba yako,
Ntabaye